Risasi isiyo na mlio

Huku Ngara na Biharamulo, ukitamka neno risasi hakuna anayekuuliza ni risasi ipi. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja, wakikimbia mauaji. Wanakumbuka pia miaka iliyofuata, ambapo mabasi yalipita katika mapori ya Biharamulo yakiwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Kwetu risasi ni kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ina mlio. Ukiusikia mlio, unalala chini.

Leo nataka tuzungumzie risasi ambayo haina mlio. Ni madini yale yale, lakini haya yamo ndani ya rangi. Yanakaa mlangoni, kwenye fremu ya dirisha, kwenye grili na kwenye kitanda cha mtoto, hata miaka thelathini, bila mtu kuyafikiria. Siku inayotakiwa kuogopwa ni ile siku anapokuja fundi na chuma chake cha kukwangulia.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nasafiri kutoka Biharamulo kuelekea Lusahunga. Nilisimama kwenye shule moja ya msingi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ninachokieleza kingeweza kuonekana katika shule nyingine yoyote hapa nchini. Shule ilikuwa inakarabatiwa. Wazazi walikuwa wamechanga, halmashauri ilikuwa imeongeza fedha, na kila mtu alikuwa na furaha. Mafundi wawili walikuwa wanakwangua rangi ya mafuta kwenye milango na madirisha, na nusu ya chini ya ukuta ambayo miaka mingi iliyopita ilipakwa rangi hiyo ili isichafuke upesi. Walikwangua kavu. Mmoja alikuwa na msasa, na vumbi lilimfanya aonekane kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga.

Ilipofika saa nne wakapumzika. Hapo ndipo watoto wa darasa la pili walipoitwa na mifagio yao. Walifagia madarasa yale kama wanavyofagia kila siku, wakiwa wameinama, wengine pekupeku. Vipande vya rangi walivizoa kwa mikono na kwenda kuvitupa kwenye migomba nyuma ya shule. Kengele ikalia, wakaenda kunywa uji. Sikuona mtoto aliyenawa.

Nikamuuliza fundi mkubwa, mtu wa miaka kama arobaini hivi, "Fundi, rangi hii unayoikwangua unajua ina nini ndani?"

Akacheka. "Mzee, rangi ni rangi. Mimi kazi hii nimeifanya tangu nikiwa kijana, na niko hai."

"Na nani alikufundisha?"

"Alinifundisha kaka yangu. Na yeye alifundishwa na Mzee mmoja pale Rulenge."

Ndugu msikilizaji, sikumcheka yule fundi, na wewe usimcheke. Mimi mwenyewe, nilipokarabati nyumba yangu, nilimwita fundi wa namna hiyo hiyo. Alikwangua milango minane kwa siku tatu. Mtoto wangu wa mwisho wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anatambaa na kusimama, anaokota kila akionacho na kukitia mdomoni. Mama yake alikuwa akilalamika juu ya vumbi kwa sababu ya nguo zilizokuwa kwenye kamba. Mimi nikamjibu kwamba vumbi litakwisha. Mimi ni mwandishi wa habari, nina stashahada yangu ukutani, na sikujua. Siwezi kusema rangi ile ilikuwa na risasi, kwa maana sikuipima. Lakini siwezi pia kusema haikuwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa tuulize: risasi inafanya nini ndani ya rangi? Jibu ni rahisi. Viwanda viliitia kwa sababu ina faida. Huifanya rangi ya mafuta ikauke haraka, ing'ae, na istahimili jua na mvua. Risasi ikichanganywa na kromiamu hutoa rangi ya njano na nyekundu zenye kuwaka, zile zinazopendwa kwenye mageti na kuta za maduka. Hapo zamani nchi za Ulaya na Marekani zilikuwa na rangi ambazo hata nusu ya uzito wake ilikuwa ni risasi.

Hasara yake nayo haikuanza kujulikana jana. Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho mjini Brisbane, Australia, aitwaye John Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi ya kwenye varanda na kuta za nyumba zao. Rangi ikizeeka hugeuka unga, unga ukashika vidole, vidole vikaenda mdomoni. Mwaka 1922 jimbo la Queensland likatunga sheria ya kukataza rangi hiyo mahali ambapo mkono wa mtoto hufika. Kwa hiyo elimu hii ina zaidi ya miaka mia moja. Sisi ndio imetuchelewa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika mwili wa mtoto ambacho kinajulikana kuwa ni salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huinyonya mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Mtoto hapati kifafa kesho yake wala haanguki. Anakuwa mzito wa kuelewa, hatulii, anasahau. Anaweza kuumwa tumbo, akapungukiwa damu, nasi tukampa dawa ya minyoo. Akifika darasa la nne hajui kusoma, mwalimu anasema ni mvivu, na baba anasema amerithi akili za wajomba. Ubongo ulioharibiwa hivyo haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Kwa mama mjamzito hali ni mbaya pia. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mimba ikiingia inaweza kutoka humo ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Na yule fundi aliyeniambia yuko hai? Kwa mtu mzima risasi hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Tena jioni anarudi nyumbani na vumbi lile kwenye shati, na mtoto wake anamkimbilia na kumkumbatia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila rangi ina sumu. Rangi za maji aghalabu si tatizo kubwa, na chokaa tunayopaka huku kwenye nyumba za tofali haimo katika mazungumzo haya. Lawama inaangukia rangi za mafuta. Asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam ilishiriki katika upimaji wa mwaka 2009 uliofanyika katika nchi kadhaa, ikapima tena miaka ya baadaye, na rangi za mafuta zilizokuwa zinauzwa katika maduka yetu zilikutwa na risasi kupita kiwango kinachoshauriwa. Kiwango hicho, kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa nchi zote, ni sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Yaani kama rangi kavu ingekuwa ni shilingi milioni moja, basi risasi isizidi shilingi tisini.

Serikali za Afrika Mashariki zimeanza kulishughulikia jambo hili kwa kuweka ukomo wa risasi katika viwango vya rangi mpya. Ni hatua njema na wahusika wanastahili pongezi. Lakini sheria ya rangi mpya inasimama dukani. Haiingii ndani ya nyumba kwenda kuibandua rangi iliyopakwa mwaka 1985. Rangi ile bado ipo. Imefunikwa na nyingine, na nyingine juu yake, kama maganda ya kitunguu. Tazama maduka ya kandokando ya barabara kutoka Nyakanazi hadi Rusumo. Kila kampuni ya simu au ya soda inapokuja, hukwangua rangi ya mwenzake na kupaka ya kwake. Hatari ya rangi ya zamani huamka siku ya ukarabati. Kwa hiyo anayepaswa kuwa na ujuzi, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni fundi.

Wenzetu walilitambua hilo. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa nyumba za kuishi mwaka 1978. Baada ya miaka mingi wakaona watoto bado wanaugua, na sababu mojawapo ni ukarabati wa nyumba zilizojengwa kabla ya hapo. Mwaka 2008 Serikali ya huko ikatoa kanuni, na kuanzia Aprili 2010 zikaanza kutumika rasmi. Zinasema hivi: kampuni au fundi yeyote anayelipwa ili avuruge rangi katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, au katika jengo la namna hiyo wanamoshinda watoto wadogo, sharti awe na cheti. Kampuni inakuwa na cheti chake, na kazi inasimamiwa na mtu aliyesoma kozi. Majimbo kadhaa, kama Wisconsin, North Carolina na Massachusetts, yameamua kuisimamia kazi hiyo yenyewe na kutoa vyeti vyake.

Kozi yenyewe ni ya miaka mingapi? Ni ya saa nane. Siku moja ya kazi. Humo fundi anafundishwa kutandika karatasi la nailoni, kuufunga mlango wa chumba, kulowesha rangi kabla ya kuikwangua, kutoichoma kwa moto, na kusafisha mpaka vumbi liishe. Kabla ya kuanza lazima ampe mwenye nyumba maelezo ya maandishi juu ya hatari. Kanuni inaanza kubana pale rangi inayovurugwa ndani ya chumba inapopita kama nusu mita ya mraba, au kama mita mbili za mraba nje ya nyumba. Ukipigilia msumari wa picha hakuna anayekuuliza cheti.

Na wanaobanwa si mafundi wadogo peke yao. Mwaka 2020 kampuni kubwa ya Home Depot, ambayo huuza vifaa vya ujenzi na kuwatafutia wateja wake mafundi, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 20.75. Kosa lake lilikuwa kutohakikisha kwamba mafundi iliowapa kazi walikuwa na vyeti na walifanya kazi kwa usalama. Hapo kuna funzo kwetu: anayetoa kazi naye anawajibika.

Je, sisi tukoje? Sheria tunazo. Tunayo Sheria ya Usajili wa Makandarasi Namba 17 ya mwaka 1997, iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mkandarasi anayetaka kusajiliwa anaulizwa mtaji, mitambo, wataalamu na uzoefu. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Ni sheria nzuri. Lakini hatuna cheti cha fundi anayekwangua rangi ya zamani.

Isitoshe, ndugu msikilizaji, kazi nyingi za ukarabati huku wilayani hazimfikii mkandarasi. Miaka ya karibuni shule na vituo vya afya vingi vimejengwa na kukarabatiwa kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti: fedha inaletwa, kamati inanunua vifaa, na mafundi wa hapo hapo wanapewa kazi. Utaratibu huo umeokoa fedha nyingi na kuwapa vijana wetu riziki. Siupingi. Ninachosema ni kwamba fundi wa fosi akaunti hayumo katika daftari la Bodi. Anapatana na mwenyekiti wa kamati juu ya bei na siku za kazi, basi. Neno vumbi halimo katika mapatano yao.

Najua kuna watakaosema: huyu mtangazaji ametoka wapi? Watoto wetu wanakaa chini kwa kukosa madawati, yeye anatuletea mambo ya Marekani. Wengine watasema cheti kikiwekwa, kitakuwa ni mlango mwingine wa rushwa. Fundi wa Ngara ataombwa ada ambayo hana, kazi itachukuliwa na kampuni kutoka mjini, na mgambo atapata sababu mpya ya kumfukuza kijana wa watu.

Hoja hizo zina uzito, na mimi nazikubali nusu. Cheti kikiwa ni karatasi ya kununua, bora kisiwepo. Lakini tusisahau kwamba umaskini ndio unaoifanya sumu hii iwe ghali zaidi kwetu. Mtoto wa tajiri akipungukiwa akili kidogo atatafutiwa mwalimu wa ziada. Mtoto wa mkulima wa Nyakahura mali yake ni kichwa chake. Tukikiharibu kwa vumbi la ukarabati wa darasa ambalo tulilikarabati ili asome, tutakuwa tumefanya nini?

Maoni yangu ni haya. Mamlaka ya VETA tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazi mitaani, na fani ya upakaji rangi wanaifundisha. Iongezwe siku moja tu juu ya rangi ya zamani. Mkufunzi awafuate mafundi wilayani. Fundi wa Ngara asilazimike kupanda basi kwenda Bukoba. Ada ilipwe na yule anayetoa kazi. Halmashauri nazo zitie kifungu kimoja katika mapatano ya kila ukarabati wa shule, zahanati na nyumba ya mtumishi: rangi ya zamani isikwanguliwe kavu, na wanafunzi wasiguse vumbi hilo. Kifungu hicho hakina gharama. Bodi ya Makandarasi nayo, inapomsajili mkandarasi wa majengo, imuulize swali moja zaidi: nani kati ya watu wako anajua kuikwangua rangi ya zamani kwa usalama?

Wakati tunasubiri hayo, wewe mwenye nyumba na wewe mwalimu mkuu mnaweza kuanza Jumatatu. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, haibanduki, usiikwangue. Ioshe na upake juu yake. Ikiwa ni lazima kukwangua, wahamishe watoto na mama wajawazito mpaka kazi iishe na usafi ufanyike. Toa nje vyombo, nguo na chakula. Tandika nailoni chini. Loweka rangi kwa maji, kidogo kidogo, na iendelee kuwa na unyevu wakati wa kukwangua. Penye waya za umeme zima umeme kwanza. Usitumie msasa mkavu, wala usiibabue rangi kwa moto. Fundi afunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri, asile wala kuvuta sigara kazini, anawe, na abadilishe nguo kabla ya kwenda kwa watoto wake. Mwisho wa siku usifagie. Futa kwa kitambaa cha maji, suuza, futa tena.

Yapo mambo mawili ya huku kwetu ambayo hayamo katika vitabu vya Wamarekani. La kwanza, vipande vya rangi visitupwe kwenye migomba. Ganda la ndizi linaoza na kuwa mbolea, risasi haiozi. Itakaa katika udongo ule ambao wajukuu wako watauchezea. Vifungwe kwenye mfuko na kupelekwa mbali na shamba, kisima na watoto. La pili, fremu na milango ya zamani iliyopakwa rangi isigeuzwe kuni. Moshi wake una sumu, na majivu yake pia, na mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake ndio wanaouvuta.

Na wewe unayeishi mjini usidhani haya ni mambo ya porini. Nyumba nyingi za Ngara ni za juzi. Nyumba za zamani ziko kwenu, Upanga, Ilala, Tanga na Mwanza mjini, zimepakwa na kupakwa tena tangu enzi za mkoloni. Huko ndiko kuna maganda mengi zaidi ya kitunguu.

Nilipokuwa naondoka pale shuleni nilimwita yule fundi pembeni, nikamweleza kwa ufupi. Alinisikiliza. Hakubisha wala hakukubali. Aliniuliza swali moja: "Sasa mzee, haya nani alitakiwa kuniambia?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake kwenu.